Barua ya wazi: Hundi ndogo kutoka nje imfikie mwenyewe ikiwa na thamani

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
Waziri wa Fedha,
na viongozi wa Umoja wa Mabenki Tanzania

YAH: GHARAMA ZA KUWEKA HUNDI ZA FEDHA ZA KIGENI KATIKA AKAUNTI ZA NDANI

Waheshimiwa,

Ninaomba mtazame upya namna benki zetu zinavyotoza hundi zinazotoka nje ya nchi. Hivi sasa mtu akiletewa hundi ndogo kutoka Marekani au Uingereza, makato ya kuikusanya yanaweza kuzidi nusu ya fedha zenyewe. Wapo wanaoambiwa dirishani kwamba haina maana hata kuipeleka, wakarudi nayo nyumbani na kuifungia kabatini.

Nina duka la kudurufu na kuuza vifaa vya ofisi hapa Tanga mjini, si mbali na posta. Hundi ya nje hupita kwangu kabla ya kufika benki, kwa sababu benki hutaka nakala ya pande zote mbili za hundi, nakala ya kitambulisho cha NIDA, na barua ya kueleza fedha zimetoka wapi na ni za nini. Barua hizo ninazichapa mimi. Wiki kadhaa baadaye watu wale wale hurudi na karatasi ya benki mkononi, wakiomba niwasomee kilichokatwa. Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwenye karatasi hizo.

Wanaopokea hundi hizi si watu wenye nacho. Mwenye nacho hutumiwa fedha benki kwa benki, na meneja humpigia simu zikiingia. Hundi humjia yule ambaye mlipaji wake hakuwa na njia nyingine ya kumlipa, au hakutaka kuhangaika kuitafuta. Ni mjane wa baharia aliyefanya kazi kwenye meli za Ulaya, ambaye mfuko wa pensheni wa marehemu humletea kiasi kidogo kila baada ya miezi. Ni muuguzi mstaafu aliyerudi kwao Lushoto baada ya kufanya kazi Uingereza. Ni kijana aliyesoma Marekani, akamaliza, na chuo kikamrudishia amana ya chumba kwa hundi iliyotumwa kwenye S.L.P. ya baba yake. Ni madrasa, ni parokia, ni kikundi cha akina mama wa Pangani kilichochangiwa na mgeni aliyepita akapenda kazi yao. Ni warithi waliotengewa fungu lao na wakili wa London. Wote hawa, kwa upande wa mlipaji, wameshalipwa. Kwenye vitabu vyake deni limekwisha siku bahasha ilipoingia posta.

Kwa upande wetu safari ndiyo kwanza inaanza. Hundi ya nje haiingii kwenye mfumo wetu wa kusawazisha hundi za ndani. Tawi huipokea kwa makusanyo, maana yake benki haikulipi chochote siku hiyo. Imekubali tu kwenda kukudaia. Hundi inafungwa na kupelekwa makao makuu Dar es Salaam. Huko inafungwa tena na kusafirishwa kwa kampuni ya vifurushi hadi New York au London, kwenye benki ambayo benki yetu ina akaunti nayo. Benki hiyo inaiwasilisha kwa benki ya mwandishi wa hundi. Ikikubaliwa, fedha zinarudi kwa njia ile ile, na kila aliyeigusa anachukua chake: kamisheni ya benki yetu, ambayo huhesabiwa kwa asilimia lakini ina kiwango cha chini kisichoshuka hata hundi ikiwa ndogo namna gani, gharama ya kifurushi, ada ya benki ya nje, ada ya ujumbe wa SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana maagizo ya malipo. Juu ya ada za benki yetu kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na VAT ya asilimia 18.

Tuchukulie mfano wa hundi ya dola 100. Kamisheni ya chini ikiwa dola 20, kifurushi dola 30, na benki ya New York ikikata dola 15, zimebaki dola 35. Kodi na ushuru juu ya ile kamisheni peke yake ni kama dola 6, kwa hiyo mwenye hundi anabaki na dola 29. Sasa tuchukulie hundi ya dola 10,000 iliyopita njia hiyo hiyo, ikafungwa kwenye bahasha hiyo hiyo, ikapandishwa ndege hiyo hiyo. Kwa kamisheni ya asilimia 1, makato yote kwa pamoja hayafiki asilimia 2. Viwango hutofautiana kati ya benki na benki, lakini mpangilio ndio huo kila mahali nilipowahi kuona karatasi zake: mzigo wote wa gharama zisizobadilika umewekwa juu ya mwenye hundi ndogo.

Kisha kuna kubadilisha fedha. Wazee wengi wana akaunti ya shilingi tu. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua mlango wa zama hizi ambamo Mtanzania huingia benki akafungua akaunti ya dola au pauni bila kificho, nalo lilikuwa jambo kubwa kwa waliokumbuka miaka ya nyuma. Lakini akaunti hiyo inadai salio la chini, na benki nyingi huikata ada kila mwezi. Mjane anayepokea pauni 60 mara chache kwa mwaka hawezi kuilisha. Kwa hiyo pauni zake zinageuzwa shilingi kwa bei ya kununulia ya benki, siku ambayo benki imeichagua. Nimeona pia karatasi ambayo pauni ziligeuzwa kwanza kuwa dola, ndipo zikawa shilingi, na kila mgeuko ukala sehemu yake. Mwenyewe hakuambiwa hilo mapema na hakuna sanduku la kuweka alama kwenye fomu linalomuuliza kama anakubali.

Kusubiri ni wiki nne, sita, mara nyingine miezi. Hundi ikirudi bila kulipwa, makato yanabaki pale pale, na benki ya nje huongeza ada ya kuirudisha. Mtu anaingia benki akitegemea kupokea, anatoka akidaiwa.

Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa jambo la tarehe, kwa sababu limewaumiza watu ninaowafahamu na halihitaji sheria mpya wala shilingi moja kulirekebisha. Wamarekani huandika mwezi kwanza, ndipo siku. Hundi yenye 03/09 ni ya tarehe 9 Machi. Karani wetu, aliyezoea siku kutangulia mwezi, anaisoma kuwa 3 Septemba. Mzee akiileta mwezi Mei anaambiwa hundi hii ni ya mbele, rudi nayo Septemba. Anatii. Anarudi mwanzoni mwa Septemba, hundi inapokelewa, inaanza safari ya Dar es Salaam na ya New York. Kwa sheria ya biashara ya Marekani, benki hailazimiki kulipa hundi ya kawaida iliyopita miezi sita, na miezi sita ya hundi hii inakwisha tarehe 9 Septemba, ikiwa bado njiani. Inarudi imegongwa muhuri kwamba imepitwa na wakati. Mzee anatozwa ada ya makusanyo na ada ya kurudisha, na sasa inambidi amwandikie mlipaji barua kuomba hundi nyingine, kama mlipaji huyo bado yupo na bado anajibu barua. Waraka wa ukurasa mmoja kutoka makao makuu ya kila benki kwenda kwa makarani wake ungelimaliza jambo hili wiki moja.

Majina nayo yana shida yake. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu: lako, la baba na la babu. Mlipaji wa Uingereza anaandika herufi moja na jina la mume. Benki inaona watu wawili. Mama anaambiwa akaape kwa wakili, na hati ya kiapo ina gharama yake, na wakili yuko mjini, na nauli ya kutoka Lushoto kuja na kurudi ni ya kwake. Ninaelewa kwamba benki lazima imjue mteja wake. Lakini mteja huyo huyo alileta cheti cha ndoa na cheti cha kifo cha mumewe hundi ya kwanza ilipokuja, vikadurufiwa kwangu na kuwekwa kwenye jalada la benki. Hundi ya pili ilipokuja, kutoka mfuko ule ule, kwa jina lile lile, aliambiwa aanze upya.

Benki zina sababu zao, nimezisikia, na baadhi ni za kweli. Matapeli hutumia hundi za nje. Mtu anapelekewa hundi kubwa ya bandia, anaambiwa abaki na sehemu na arudishe nyingine, na hundi inakuja kugundulika kuwa bandia wakati fedha alizorudisha zimekwisha kwenda. Benki inayolipa haraka bila kusubiri inaweza kubeba hasara hiyo. Ni kweli pia kwamba benki za nje zimekuwa zikipunguza uhusiano na benki za nchi kama yetu. Takwimu za BIS, taasisi ya benki kuu za dunia iliyoko Basel, zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 2011 na 2018 idadi ya benki zinazotoa huduma hiyo kwa benki za nchi nyingine ilipungua kwa takriban moja ya tano. Oktoba 2022 Tanzania ikaingizwa kwenye orodha ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kudhibiti utakatishaji wa fedha, na tangu hapo kila hundi kutoka Tanga ikatazamwa kwa jicho la pembeni zaidi.

Lakini Juni 2025 Tanzania iliondolewa kwenye orodha hiyo. Wataalamu wa Benki Kuu, wa Wizara na wa mabenki walifanya kazi kubwa kufika hapo, na ninawapongeza kwa dhati. Ninachoomba ni kwamba matunda ya kazi hiyo yamfikie na mwenye hundi ya pauni 60. Benki zetu zilikubali masharti magumu na ada kubwa za benki za nje wakati tulipokuwa orodhani. Ziende sasa zikazungumze upya. Mabenki yakienda yakiwa pamoja, chini ya mwavuli wa Umoja wao na Benki Kuu ikiwa nyuma yao, yatasikilizwa kuliko kila moja ikienda peke yake na hundi chache mkononi.

Sababu nyingine ninayoambiwa ni kwamba hundi zinakufa duniani, hivyo hakuna haja ya kuhangaika nazo. Ni kweli kwamba Denmark ilizifuta, na Afrika Kusini ikaacha kuzipokea mwishoni mwa Desemba 2020. Rais wa Marekani alitia saini amri tarehe 25 Machi 2025 kwamba Hazina ya nchi hiyo iache kulipa kwa hundi za karatasi kuanzia 30 Septemba 2025, isipokuwa kwa sababu maalumu. Lakini amri hiyo inahusu malipo ya serikali yao. Haigusi mfuko binafsi wa pensheni, kampuni ya bima, chuo, mchapishaji wala wakili wa mirathi. Kwa hesabu za benki kuu ya Marekani, mwaka 2021 hundi zaidi ya bilioni 11 zililipwa nchini humo. Sehemu ndogo mno ya hizo zitakuja Tanzania, na zitaendelea kuja kwa miaka.

Amri hiyo yenyewe ilete swali lingine kwenye meza zenu. Mtanzania au mjane wa Mmarekani anayeishi hapa, aliyekuwa akipata hundi ya Hazina ya Marekani, sasa anatakiwa kutoa namba ya akaunti ili alipwe moja kwa moja. Anahitaji barua ya benki yenye jina lake kamili kama lilivyo kwenye akaunti, namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT. Barua hiyo benki huitoza. Fedha zikianza kuingia kwa njia mpya, huenda akakatwa ada ya kupokea kila mara zinapoingia. Ninaomba barua ya namna hiyo itolewe bure kwa kila anayethibitisha kwamba anapokea pensheni au mafao kutoka nje, na fedha za pensheni zisikatwe ada ya kuingia. Wizara ya Mambo ya Nje na balozi zinazohusika nazo zishirikishwe, kwa sababu wapo wazee ambao hawajapata habari hii kabisa. Wanachojua ni kwamba bahasha imeacha kuja.

Turudi kwenye hundi za karatasi. Kisichoeleweka kwangu ni kwa nini bado zinapandishwa ndege. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001, ndege zilizuiliwa kuruka Marekani kwa siku kadhaa, na hundi za karatasi zikarundikana kwa sababu benki zao zilikuwa zikizisafirisha kwa ndege usiku kucha. Tukio hilo ndilo lililosukuma sheria ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika Oktoba 2004, inayoruhusu nakala maalumu iliyotolewa kwenye picha ya hundi isimame mahali pa hundi yenyewe. Uingereza nayo ilianza kusawazisha hundi kwa picha Oktoba 2017, na leo hundi ya ndani ya nchi hiyo ikiwekwa siku ya kazi, fedha huwa tayari kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha. Sisi wenyewe hundi za ndani ya Tanzania zimekuwa zikisafiri kwa picha kwa miaka mingi; mashine za kuzipiga picha ziko kwenye matawi yetu, hata hapa Tanga. Benki kubwa za Marekani hupokea mafaili ya picha za hundi kutoka benki za nchi nyingine. Kila kinachohitajika kipo, isipokuwa makubaliano.

Benki moja ya Tanzania yenye hundi chache kwa mwezi haiwezi kugharimia makubaliano hayo peke yake, nami silaumu hata moja kwa hilo. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwenu, badala ya kumwandikia meneja wa tawi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeipa Benki Kuu kazi ya kusimamia mifumo ya malipo. Ninaomba Benki Kuu iitishe mabenki na kuanzisha njia moja ya pamoja ya kukusanya hundi za nje: picha zote za wiki nzima, kutoka benki zote, ziende kwenye fungu moja kwa benki moja ya nje kwa kila sarafu. Pale ambapo benki ya nje itasisitiza karatasi, basi karatasi zote ziende kwenye kifurushi kimoja. Gharama ya kifurushi ikigawanywa kwa hundi mia haifanani na gharama ile ile ikibebwa na hundi moja. Nchi imeshajenga TIPS, mfumo unaomwezesha mtu wa benki moja kumlipa papo hapo mtu wa benki nyingine au wa mtandao wa simu. Njia ya pamoja ya hundi za nje ni kazi ndogo mno ikilinganishwa na hiyo.

Wakati hilo likiandaliwa, yapo ambayo hayahitaji kusubiri. Benki Kuu ina Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Kwa mamlaka hiyo ninaomba kila benki iagizwe kumpa mtu, kabla hajasaini nyuma ya hundi, karatasi moja ya Kiswahili inayosema: utakatwa kiasi gani kwetu, utakatwa takriban kiasi gani huko nje, itachukua muda gani, fedha zitageuzwa kwa bei ya siku ipi, na ni lini zitakuwa zako moja kwa moja bila kuweza kurudishwa. Hilo la mwisho lina uzito wake. Benki nyingi huingiza fedha kwenye akaunti zikiwa bado zinaweza kuchukuliwa tena iwapo benki ya nje itabadili kauli, na mteja hajui. Amelipa ada ya shule, amelipa fundi wa paa, kisha akaunti inasoma deni. Kama makadirio ya makato yanazidi robo ya hundi, karani amwambie waziwazi na amrudishie hundi yake bila kumtoza chochote, ili awahi kumwomba mlipaji njia nyingine kabla ya miezi sita kupita.

Kisha iwekwe kofia. Kwa hundi isiyozidi dola 500 au thamani yake, naomba kiwango cha chini cha kamisheni kiondolewe, na ada zote za upande wa Tanzania zisizidi asilimia 5 ya hundi. Sikuiokota namba hiyo hewani. Tanzania, pamoja na nchi nyingine za Umoja wa Mataifa, ilikubali lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya mhamiaji kutuma fedha nyumbani iwe chini ya asilimia 3, na njia zinazotoza zaidi ya asilimia 5 ziondolewe. Lengo hilo liliandikwa kwa fedha zinazotumwa na ndugu. Hundi ya pensheni ya marehemu baba au ya jasho la mama mwenyewe haistahili kutazamwa kwa kipimo kikali zaidi.

Kwako Mheshimiwa Waziri, nina ombi moja la kodi. Ushuru wa bidhaa na VAT juu ya ada za kukusanya hundi ndogo viondolewe. Serikali haitapoteza mapato ya kuonekana, kwa sababu hundi nyingi za namna hii hazipelekwi benki kabisa kutokana na makato, na isiyopelekwa haina kodi. Tena kumbukeni hali tuliyopitia mwaka 2023 na 2024, dola zilipoadimika, waagizaji wakapanga foleni, na bei ya shilingi ikayumba. Mwaka 2025 Serikali ikatoa kanuni za kuzuia bei na malipo ya ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Nchi iliyokuwa ikitafuta dola kwa taabu namna hiyo ina dola na pauni zilizokwama ndani ya makabati ya wazee wa Tanga, Lushoto, Pangani na bila shaka kila mkoa, kwa sababu tu kuzipokea ni ghali kuliko kuziacha. Kila moja ni ndogo. Lakini ni fedha halali, zimeshalipwa, na mwenyewe anataka ziingie kwenye benki ya Tanzania.

Wengine wametafuta njia za pembeni. Mtu humpa hundi yake anayesafiri kwenda Marekani, akitumaini italipwa huko, na inakataliwa kwa sababu haikuandikwa kwa jina la msafiri. Wengine humwomba mlipaji aandike hundi kwa jina la ndugu aliyeko London, na hapo fedha za mjane zinategemea uaminifu na nafasi ya mtu mwingine. Nimeandika barua za kulalamika kwa ajili ya watu waliopoteza fedha zao kwa njia hiyo, na hakuna pa kuzipeleka, kwa sababu mbele ya sheria mama alikubali mwenyewe. Alikubali kwa kuwa dirisha la benki yake mjini kwake lilikuwa limefungwa kwake kwa bei.

Ninafahamu kwamba ofisi zenu zina mambo makubwa. Kwa hiyo nitataja lile ambalo ningependa lifanyike kwanza, hata kama mengine yatachukua muda. Benki Kuu iziagize benki zote zitaje, kwa mwaka uliopita, ni hundi ngapi za nje zisizozidi dola 500 zilizopokea, zilikatwa jumla ya kiasi gani hapa na huko nje, zilichukua siku ngapi, na ni ngapi zilirudi bila kulipwa na kwa sababu gani. Hesabu hizo zichapishwe kwa Kiswahili, benki kwa benki, ili mtu ajue apeleke hundi yake wapi.

Kwa upande wangu, nina karatasi za makato za wateja walioniruhusu kuzionyesha, majina na namba za akaunti zikiwa zimefunikwa. Niko tayari kuzileta Dar es Salaam kwa nauli yangu, au kumkabidhi ofisa yeyote mtakayemtuma Tanga.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la kudurufu,
Tanga